Mkono Wake Kwenye Kikombe

Saa tatu asubuhi Kidole alifuta chaguo la kwanza kwenye fomu yake ya chuo, na kwa kulifuta akajiona amemkomoa mwanamke ambaye hajapata hata kumwona.

Chaguo lenyewe lilikuwa Shahada ya Teknolojia ya Chakula. Lilikaa pale juu kwenye simu yake wiki tatu nzima, tangu matokeo yatoke, na wala halikukaa pale kwa kubahatisha. Aliitwa Kidole tangu akiwa na miaka minne, kwa kuwa hapakuwa na sufuria nyumbani kwao ambayo hakuichovya kidole na kukilamba. Akiwa na miaka kumi alikuwa akionja maziwa ya jioni na kumwambia mama yake kwamba kesho yatakatika, na kesho yake yanakatika. Sasa ana miaka ishirini, na pale juu aliandika Uhasibu. Fomu ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

"Umeweka uhasibu?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimeweka, mama."

"Afadhali, mwanangu. Nilikuwa najiuliza nitawaambiaje watu. Mtoto kaenda chuo kikuu miaka minne kusomea chakula."

"Kupika nilishamfundisha mimi, tena bure," alidakia Shangazi, aliyekuwa mezani akimenya vitunguu. "Lakini umebadilisha kwa sababu gani? Juzi ulikuwa tayari kugombana na ukoo mzima kwa ajili ya kozi hiyo."

"Nimebadilisha tu."

Shangazi alimtazama mpaka akamaliza kumenya kitunguu kizima. "Tu, eti," akasema.

Sababu ilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Koti Jeupe. Ndivyo Fundi alivyomwita. Fundi ndiye kijana aliyeushika moyo wa Kidole mwaka wa pili sasa, mtengenezaji wa mitambo kwenye kiwanda cha yogati, mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Mtu huyu hakuwa msemaji. Ungeweza kukaa naye saa nzima ukapata maneno kumi, na kumi hayo Kidole aliyatunza kama vitu vya kabatini. Lakini tangu kiwanda kipate mkuu mpya wa ubora, Fundi aligeuka redio. Koti Jeupe kasema hivi. Koti Jeupe kaonja kijiko kimoja akajua tangi halikusuuzwa vizuri. Koti Jeupe kasomea teknolojia ya chakula, tena alikuwa wa kwanza darasani.

Kidole alivumilia miezi miwili. Kisha akaanza kuiona ile kozi kama nguo ambayo mwanamke mwingine ameshaivaa mbele ya mpenzi wake, ikampendeza. Nani anataka kuvaa ya pili? Ndiyo akaifuta.

Angeituma fomu pale pale na mambo yakaisha, lakini simu ikaleta ujumbe wa sauti. "Leo mchana siwezi kuja," Fundi alisema, haraka haraka, kwa sauti ya chini. "Niko na Koti Jeupe mpaka saa kumi. Nitakueleza."

Kidole aliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza alisikia maneno. Mara ya pili alisikia ile sauti ya chini. Mara ya tatu akasikia, au alidhani amesikia, mwanamke akicheka kwa mbali.

Alioga upya. Alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, akapaka rangi ya midomo, akaachia nywele alizozihangaikia saa mbili, kisha akachukua manukato ya Shangazi na kujipaka shingoni, mikononi, nyuma ya masikio, na tena shingoni kwa uhakika zaidi.

"Unakwenda kuolewa?" aliuliza Shangazi.

"Nakwenda kumsalimia Fundi kazini."

"Kumsalimia au kumkagua?"

Kidole alikuwa ameshafika getini.

*

Mlinzi wa kiwanda alikuwa mzee mpole, na kwa upole huo huo aliuharibu mpango mzima. Alimpa koti refu la wageni lililofunika gauni mpaka magotini. Alimpa mabuti meupe ya mpira yaliyomzidi miguu. Mwisho akampa wavu wa nywele.

"Zote ziingie ndani, binti yangu," alisema. "Na hereni uniachie mimi. Humo ndani hata pete hatuvai."

Basi Kidole akaingia kwenye korido akiburuza mabuti, saa mbili za nywele zimesokotwa ndani ya wavu. Upande wa kushoto kulikuwa na kioo kikubwa, na ng'ambo ya kioo, kando ya mtambo, akamwona Fundi wake. Aliinama juu ya bomba. Ubavuni pake aliinama mwanamke mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi, uso mkavu bila poda wala wanja, na bado uso ule ulipendeza kwa kiasi cha kuudhi. Mwanamke akasema kitu. Fundi akacheka kicheko kikubwa, kichwa nyuma, meno yote nje.

Kicheko kile Kidole hakukijua. Mwaka na nusu, na hajawahi kukipata hata mara moja. Moyo ulimwaka. Akatazama vidole vya yule mwanamke kutafuta pete, halafu akakumbuka maneno ya mlinzi. Kiwanda kizima hakina pete. Utajuaje nani ni wa nani?

Walitoka pamoja wakaja koridoni. Fundi alipomwona alisimama ghafla, na usoni hakuonyesha furaha hata chembe. Alionyesha hofu.

"Kumbe umekuja," alisema.

"Nimekuja. Nimekosea siku?"

"Wewe lazima ni Kidole," alisema Koti Jeupe, akanyoosha mkono. "Mwenzako hamalizi siku bila kukutaja. Ananiambia una ulimi wa ajabu."

Kidole aliupokea ule mkono kama mtu anayepokea kuku wa jirani. Jina lake la nyumbani, lililozaliwa kwenye sufuria za mama yake, limefikaje mdomoni mwa huyu?

"Mungu amekuleta," Koti Jeupe aliendelea. "Nina jaribio la kuonja sasa hivi. Nahitaji waonjaji wanane, ninao saba. Karani ana mafua. Yogati ya juzi ina kitu ambacho sikielewi. Utanisaidia?"

"Hajawahi kufanya hivyo," Fundi alisema upesi. "Mwache apumzike. Mimi nitamsindikiza getini."

Anaharakisha niondoke, Kidole aliwaza. "Nitaonja," akasema. "Nina muda wa kutosha."

"Asante. Ila, mdogo wangu, samahani." Koti Jeupe alishusha sauti ili Fundi asisikie, na wema ule ndio uliouma zaidi. "Hayo manukato. Ukiingia nayo kule ndani, wote wanane mtakunywa yogati ya maua. Na rangi ya midomo pia itoke. Bomba liko pale, na sabuni yetu haina harufu."

Kidole alinawa. Alisugua shingo, mikono na nyuma ya masikio mpaka manukato ya Shangazi yakaondoka yote na maji, akafuta midomo kwa karatasi, akajitazama kwenye kioo kidogo juu ya bomba. Alikuja kumwonyesha mwanamke mwingine mwenye mali ni nani. Sasa alionekana kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

*

Chumba cha kuonjea kiligawanywa kwa mbao, kila mtu na kijisehemu chake, usimwone jirani yako wala yeye asikuone. Mbele ya Kidole waliweka vikombe vitatu vidogo vya yogati nyeupe, glasi ya maji na biskuti zisizo na chumvi. Vikombe viliandikwa namba tu: 207, 418, 655.

"Viwili ni sawa, kimoja ni tofauti," alieleza Koti Jeupe nyuma ya mbao. "Onja kuanzia kushoto, usukutue kila baada ya kikombe. Zungushia namba ya kile kilicho tofauti. Chini kuna mstari wa maoni, ukiweza kusema tofauti ni nini. Msiongee."

Alionja 207. Ilikuwa yogati safi, chachu yake imetulia, na mwishoni utamu kidogo wa maziwa yaliyochemshwa polepole. Kwa dakika moja Kidole alisahau wivu wake wote. Hakuwahi kukaa mahali ambapo watu wazima wamenyamaza kwa heshima ya kitu kilichomo mdomoni.

Alisukutua. Alionja 418, na mkono ukasimama hewani.

Alimwonja Fundi.

Hakuna namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Alhamisi jioni Fundi alitoka kazini moja kwa moja, akamkuta amesimama kwenye uzio wa nyumba yao, akamshika shavu kwa mkono wake mpana. Vidole vyake siku ile vilikuwa na harufu ya mpira mpya, ile inayobaki mdomoni ukishapuliza puto. Kidole alimuuliza umeshika nini, naye akajibu, hamna, kazi tu. Harufu ile aliipenda kwa sababu ilikuwa yake. Alilala nayo shavuni.

Sasa iko kwenye kikombe cha mwanamke huyu. Wivu hauoni aibu kuwaza upuuzi, na wazo la kwanza la Kidole lilikuwa hilo: mkono wa Fundi umefikaje huku?

Wazo la pili lilikuwa la akili. Alionja 655, akarudi 418, na mambo yakajipanga yenyewe. Fundi alifunga mpira mpya mahali fulani siku ya Alhamisi. Maziwa yanapita hapo. Fundi anajua, ndiyo maana ana hofu, ndiyo maana alitaka kunisindikiza getini. Nikiandika, nimemchoma.

Alizungushia 418. Kalamu ikabaki juu ya mstari wa maoni. Angeweza kuuacha wazi. Nani angemlaumu mgeni? Halafu akakumbuka kile kicheko cha kwenye kioo, kichwa nyuma, meno yote nje, na mkono wake ukaandika kabla hajamaliza kukasirika: *Mpira mpya. Kama puto.*

*

Koti Jeupe alizikusanya karatasi, akazisoma akiwa amesimama koridoni. Fundi alikuwa amejiegemeza ukutani, spana mkononi.

"Sita kati ya wanane wameona tofauti," alisema Koti Jeupe. "Wawili wameandika 'si nzuri sana.' Mmoja tu ameipa jina." Alimtazama Kidole. "Mpira? Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Fundi aliweka spana chini. "Ni kweli," alisema. "Ringi ya mpira ya kwenye maungio ya bomba la pili ilipasuka Alhamisi. Zile maalumu za chakula ziliisha stoo, wakaniambia mpaka Jumatatu. Nikaweka ya pampu ya maji. Nilisema ni siku chache tu."

"Na tangu asubuhi unanizungusha kwenye bomba la kwanza."

"Ndiyo."

Koti Jeupe hakupaza sauti. Alisema mtambo usimame, yogati yote ya tangu Alhamisi ibaki kwenye chumba cha baridi, isitoke hata kopo moja, na barua ya onyo Fundi ataipata kabla ya jioni. Fundi aliitikia kila neno kwa kichwa, akaondoka kwenda kufungua bomba.

"Mafuta ya maziwa hunasa harufu kuliko nguo," Koti Jeupe alimwambia Kidole walipobaki wawili. "Niliisikia, lakini sikuweza kuitambua. Nilihangaika miaka miwili kuufundisha ulimi wangu, na bado leo umenipita." Alisema kwa tabasamu, lakini machoni mwake kulikuwa na kitu, na Kidole alikitambua mara moja kwa kuwa alikuwa amekibeba mwenyewe tangu asubuhi. Mwanamke huyu anamwonea wivu. "Mwakani unakwenda kusoma nini?"

"Uhasibu."

"Nani amekulazimisha?"

Jibu la kweli lilikuwa: wewe. "Mama anapenda," akasema.

*

Nyuma ya karakana kulikuwa na mabomba ya kunawia na benchi la mbao. Saa kumi na dakika chache Fundi alimkuta hapo, ameshavua wavu, nywele zimelala upande mmoja.

"Umeniuza," alisema Fundi.

"Nimeandika nilichoonja."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua. Ulinishika shavu na mkono huo huo. Nikakuuliza, ukasema hamna."

Fundi alikaa mwisho wa benchi, mbali kidogo. "Ungeweza kuniita pembeni kwanza."

"Ningeweza. Lakini nilikuwa na hasira. Nilikuona unacheka naye." Alizirudisha nywele nyuma kwa mikono miwili. "Mwaka na nusu hujawahi kunichekea vile. Nimekuja na manukato mpaka kisigino, nikaambiwa nikanawe, na wewe huko unacheka."

"Kile kicheko?" Fundi alimtazama kama amesikia habari za mtu mwingine. "Alikuwa ameniambia nifungue bomba la pili. Nikajifanya amenitania. Ulikuwa woga ule."

"Sasa nitajuaje? Kila siku Koti Jeupe, Koti Jeupe. Unampenda?"



"Napenda anavyojua," alisema Fundi. "Anaonja kijiko, anasema kitu, na kweli kiko hivyo. Nilipomwona mara ya kwanza nikasema, Kidole akisoma atakuwa hivi. Nikaanza kukusimulia ili upate hamu ya kwenda."

"Haya. Kisha?"

"Kisha nikaogopa. Nikajiona. Wewe umevaa hilo koti, mimi naitwa kuja kufungua bomba." Alikuna kiganja. "Jana uliposema unataka kuifuta ile kozi, nilikuambia pole. Uongo. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nafurahi."

Hilo liliuma kuliko kicheko. Kidole alikuwa amemtafuta mtu wa tatu kwenye vioo na kwenye sauti za simu, kumbe watu waliokubaliana kuizika kozi ile walikuwa wao wawili tu, kila mmoja kwa wivu wake, hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Ameolewa?" aliuliza mwishowe, kwa kuwa kuna mambo moyo hauachi mpaka uulize.

"Sijui. Humu hatuvai pete."

"Na hujawahi kumuuliza?"

"Hapana."

"Usimuulize."

Fundi nusura atabasamu, akajizuia. Alitazama saa. "Saa kumi na dakika ishirini, na fomu inafungwa saa kumi na moja. Nikuulize jambo moja, unijibu kweli. Tuseme kesho namwoa Koti Jeupe. Ungeijaza ile kozi?"

Kidole alilipokea swali lile pale panapouma. Aliwaona wawili hao wamesimama, wanapigwa picha, wameegemeana. Aliuacha wivu upande mpaka kooni, akakaa nao. Halafu akatafuta chini yake kuna nini, na chini yake akakuta chumba cha mbao, vikombe vitatu, watu wamenyamaza. Alikuwa bado anataka kujua kwa nini mafuta ya maziwa hunasa harufu. Alitaka kujua leo, si mwakani.

"Ningeijaza," alisema. "Ila kwenye mahafali nisingekualika."

"Hata keki?"

"Hata maji."

Alitoa simu. Fundi alisogea karibu, akasema taratibu, "Basi jaza."

"Sikukuomba ruhusa," alisema Kidole, akafuta Uhasibu na kulirudisha lile chaguo la kwanza juu. Alifikiria uso wa mama yake, na maneno ya Shangazi, ambayo yangechukua wiki nzima kuisha. Akabonyeza. Ujumbe ulikuja pale pale kwamba maombi yamepokelewa na hayawezi kubadilishwa tena.

Fundi aliusoma mara tatu, kama Kidole alivyousikiliza ujumbe wake asubuhi.

"Miaka minne," alisema.

"Minne."

"Darasani mnakuwaga wangapi?"

"Sijui. Hamsini, sitini."

"Wanaume wengi?"

Kidole alimgeukia. Aliliona lile jambo usoni mwa Fundi, jekundu, halina adabu, halijui pa kuweka mikono, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua mpaka mwisho. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umehamia kwa mwingine.

Fundi alinyoosha mkono kumgusa shavu. Kidole aliudaka njiani, akaupeleka puani.

"Bado mpira," alisema. "Sabuni iko pale, haina harufu."

Fundi aliinuka akaenda bombani. Alinawa muda mrefu, mpaka viwiko, akamrudia na mikono inayodondosha maji, akaikunjua mbele yake kama anayekaguliwa.

"Je?"

Kidole alinusa kiganja kimoja, kisha cha pili, bila haraka.

"Rudi," akasema. "Nitakuambia ikitoka."